Biblia: tumeisoma ao tumeisikia tu?

Biblia ya Waprotestanti iko na vitabu 66, sura 1,189. Ya Wakatoliki, vitabu 73. Lakini wengi wetu tunajua tu mistari ile tunasikia kanisani ao tunaona ku WhatsApp.

Tuchukue Yeremia 29:11. Mtu akipata diploma, tunamutumia ule mstari wa matumaini. Sasa soma mstari wa 10: ni barua kwa watu waliohamishwa Babeli, na inasema miaka 70 itimie kwanza. Mtu mzima aliyeisikia hakutazamia kurudi yeye mwenyewe. Ahadi ilikuwa ya taifa.

Mstari bila sura yake unaweza kutupoteza. Soma sura 4 kwa siku: miezi 10, umemaliza zile 1,189. Wewe umefika wapi?