Ukituma linki, sema ni ya nini

Mtoto wa ami yangu anakaa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, upande wa mto Ngong. Mafuriko ya 2024 yalipoingia majumbani, na Mei nyumba za kando ya mto zikabomolewa, Rais alitangaza shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa. Kila mtu akawa anauliza: tunajiandikisha wapi? Kwenye kundi letu la WhatsApp, la jamaa wa Pwani walioko bara, mtu akabandika linki. Neno hata moja hakuandika.

Kijana wetu akaifungua kwa bando la shilingi kumi. Ukurasa ukataka jina, nambari ya kitambulisho, kisha nambari ya siri ya M-Pesa. Hapo akashtuka, alhamdulillahi. Mama mmoja muuza mahamri hakushtuka, na mtaji wake ukaenda. Aliyetuma akajitetea: "Mimi pia nimetumiwa tu."

Huo si udhuru. Mama yule hakuiamini linki, alimuamini ndugu wa kundini. Basi ifungue kwanza wewe, usome hadi mwisho. Kisha andika mistari miwili: yasema nini, imetoka wapi, ya tarehe gani, maana habari ya miaka mitatu nyuma hurudi ikidhaniwa ya leo. Ikiwa ni video, sema ni ya dakika ngapi. Mwenye bando la kumi ataamua mwenyewe.

Tazama na anwani yenyewe. Tovuti za serikali ya Kenya huishia na go.ke, na hiyo go.ke iwe mwisho kabisa kabla ya mkwaju wa kwanza. Matapeli huitia katikati, au huibadilisha kidogo. Ujumbe wenye mishale miwili umeshapita mikono mitano au zaidi. Tangu Aprili 2020 WhatsApp huruhusu kuupeleka kundi moja tu kwa mara moja. Wenye programu wenyewe wana wasiwasi nao, sembuse wewe?

Na jamani, tuangalie wakati. Taazia imebandikwa, watu wanaandika Inna lillahi, mwengine anatupa linki ya mpira!

Ukishakosea, usifute kimyakimya. Futa kwa wote, kisha andika wazi kuwa ile linki ilikuwa ya uongo, na aliyeiweka nambari yake ya siri aibadilishe sasa hivi. Yule mama angeambiwa mapema, huenda pesa zake zingepona. Sisi tulinyamaza hadi asubuhi.