Nauli ya kwenda angani, na kwa nini roketi hairushwi kutoka Hanang

Wadau, kijana mmoja wa Dongobesh kaniuliza: matajiri siku hizi wanalipa nauli kwenda angani, sisi wa Mbulu na Hanang lini? Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400, si tumeshaanza safari?

Swali zuri hilo. Anga za juu zinahesabiwa kuanza kama kilomita 100 kutoka chini, mbele ya umbali wa Babati hadi Katesh. Urefu siyo tatizo kubwa. Mwaka 2021 Virgin Galactic walitangaza tiketi za dola 450,000: unapanda, unaelea dakika chache, unashuka. Tukikadiria ng'ombe mmoja laki nane mnadani, hao ni kama ng'ombe 1,400. Na hapo umechungulia tu!

Kazi ni kubaki juu. Lazima ukimbie kama kilomita 28,000 kwa saa, mwendo ambao Mbulu hadi Dar ni dakika moja na ushee. Inatakiwa roketi kubwa, na kwa miaka mingi roketi ilikuwa ya safari moja. Yaani ununue basi jipya, ufike Arusha, ulisukumie korongoni. Ndo maana Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alilipa kama dola milioni 20 mwaka 2002 kupanda na Warusi. Tangu 2017 SpaceX wanarusha tena roketi zilizokwisha kutumika, hivyo nauli inaweza kushuka. Sitegemei ishuke mpaka ya mkulima wa Haydom.

Ila kuna kitu tunacho. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta mwendo wake ni karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa hapo inaupata bure. Katesh iko nyuzi nne na nusu tu kusini mwa ikweta. Sasa mbona hawaji? Kwa sababu roketi inadondosha vipande njiani, na mashariki yetu kuna Simanjiro na Handeni, watu na mifugo. Desemba 30, 2024 pete ya chuma ya kama kilo 500 ilitoka angani ikaanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Ashukuriwe Mungu haikumuua mtu.

Inatakiwa bahari upande wa mashariki. Waitaliano walilijua hilo zamani: kuanzia 1967 hadi 1988 walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Mojawapo, ya Desemba 12, 1970, iliitwa Uhuru. Halafu mwaka 2023 Kenya ilipokuwa na setilaiti yake ya Taifa-1, ikairushia California!

Kwa hiyo mimi siulizi Mmbulu atakaa lini kwenye kiti. Nauliza wakija kuomba pwani ya Tanga au Mtwara, nani atasoma mkataba? Watu wa Mbulu, Katesh, Bassotu, mnasemaje?