Besi Ambayo Redio Haikuitoa

Uzi mnene kabisa wa gita la besi, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ya redio ndogo ya betri, ile yenye upana wa kiganja, haina ubavu wa kusukuma hewa kwa mitetemo mizito kiasi hicho. Chini ya mitetemo 150 hivi kwa sekunde, sauti yake hufifia hadi ikapotea. Lakini muulize mtu yeyote aliyekulia Rongo, Ndhiwa au Mbita katika miaka ya 1970 na 1980. Atakuambia besi ya benga, muziki wa magita wa Wajaluo, aliisikia barabara, tena kwenye redio hiyohiyo, na atakuigizia kwa mdomo noti baada ya noti. Hadanganyi. Aliisikia kweli, ingawa redio haikuitoa.

Siri iko kichwani mwake. Uzi ukichunwa hautoi mtetemo mmoja tu. Pamoja na ule wa 41 hutoka wa 82, wa 123, wa 164, wa 205, na kuendelea juu. Spika ndogo huimeza ile ya chini na kuipitisha ya juu. Ubongo ukiipokea hugundua kwamba yote imeachana kwa hatua moja ya 41, ukaamua kwamba chanzo chake ni uzi wa 41, ukakusikilizisha noti hiyo. August Seebeck wa Ujerumani aliandika juu ya jambo hili tangu miaka ya 1840. Simu nayo hulitegemea: laini ya zamani ya simu hukata kila kitu kilicho chini ya mitetemo 300, lakini sauti nzito ya baba huitambua mara tu anapoitika.

Ndiyo maana siungi mkono wazee wetu wanaposema redio za zamani zilikuwa na sauti bora. Hazikuwa nayo. Ila naamini kwa moyo wote kwamba benga na vyombo hivyo vililingana. Besi ya benga hainguruni chini kama mawingu ya mvua. Inarukaruka, inachunwa kwa nguvu, inajibizana na gita la solo, na kila noti inaanza kwa pigo kali lililojaa mitetemo ya juu, yaani ileile ambayo spika ndogo inaweza kuibeba. Kabla ya gita palikuwa na nyatiti yenye nyuzi nane, na mpigaji wake hugongesha pete ya chuma ya kidole cha mguu kwenye ubavu wa chombo. Muziki wa Wajaluo ulikuwa umezoea kudunda kwa mshindo mfupi, mkavu, kabla umeme haujafika.

Santuri nazo zilitia mkono wao. Sahani ndogo ya inchi saba, inayozunguka mara 45 kwa dakika, ililetwa sokoni na RCA Victor ya Marekani mwaka 1949. Upande mmoja hubeba dakika chache tu, na mtambo wa kuchonga sahani una hesabu ngumu: sauti nzito hufanya mfereji uyumbe sana kushoto na kulia, hivyo hula nafasi. Fundi hupunguza besi wakati wa kuchonga, na kikuza sauti cha msikilizaji huirudisha, kwa kipimo kilichokubaliwa Marekani mwaka 1954 na baadaye kuenea duniani. Wimbo ukiwa mrefu, ama sauti ishushwe, ama wimbo ukatwe. Benga ilikatwa. Upande wa kwanza ulibeba kisa na majina ya wanaosifiwa. Ukigeuza sahani ulikuta magita yameshika kasi na wachezaji wako tayari. Vijana wa leo wanaokutana na maneno "sehemu ya kwanza" na "sehemu ya pili" kwenye nakala za intaneti hudhani ni nyimbo mbili.

Na sahani hizo zilienda mbali. Phares Oluoch Kanindo, mtu wa Awendo katika Migori ya leo, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Homa Bay, aliziuza kwa lebo zake mwenyewe, zikiwemo POK na Sungura. Shehena zilifika hadi Zimbabwe. Huko jina lake likawa jina la aina ya muziki, na lebo yake ya Sungura ikaupa jina mtindo ambao Wazimbabwe wanaucheza hadi sasa. D. O. Misiani, mwenye Shirati Jazz, alizaliwa upande wa Tanzania, karibu na Shirati. Sehemu hiyo haiko mbali na Muhuru Bay, na sauti yake haikuhitaji pasipoti.

Vijijini sahani ilichezwa kwa gramafoni ya betri iliyofungwa kama sanduku la safari. Sindano yake iliungana na kipande cha seramiki ambacho kikiminywa hutoa umeme, karibu nusu volti, mara mia ya kinachotolewa na kichwa cha sumaku. Kwa hiyo hakikuhitaji mashine ya gharama. Kasoro yake ni uzito: sindano ilikandamiza mfereji kwa gramu kadhaa na kila mzunguko ulikwangua kidogo. Mitetemo ya juu ndiyo hufa kwanza, milio ya matoazi na herufi "s" za mwimbaji. Santuri nyingi zilizobaki Nyanza Kusini ziko hivyo, zimechakaa kwa kupendwa.

Halafu mawe ya redio, yaani betri. Kila nyumba iliyaanika juani yalipochoka, na watoto waliambiwa wasiyaguse. Wengine wanacheka leo wakidhani ilikuwa imani tu, kumbe kemia ilikuwa upande wa mama zetu. Ndani ya jiwe la zinki na kaboni, umeme ukitumika hukusanyika mabaki yanayozuia kazi karibu na kijiti cha kaboni. Likipumzishwa, manganizi iliyomo huyala mabaki hayo taratibu, na joto huharakisha shughuli yote. Jiwe halijazwi upya, bali linakamua kilichobaki. Ukapata nusu saa zaidi ya salamu za redioni, au upande mmoja wa kaseti.

Kaseti ilizinduliwa na Philips mwaka 1963, na kwa kuihurumia betri watu waliirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic, ambayo pembe zake sita zinaingia sawasawa kwenye meno ya kigurudumu. Princess Jully wa Migori alipoimba "Dunia Mbaya", wimbo wa kuonya juu ya UKIMWI, kaseti ndiyo iliyoupeleka kwenye matatu, sokoni na matangani.

Tarehe 1 Julai 1979 Sony ilitoa Walkman nchini Japani, pamoja na hedifoni zenye uzito wa chini ya gramu 50. Hedifoni za stereo zilikuwepo tangu John Koss wa Milwaukee alipozitengeneza mwaka 1958, lakini zilikuwa nzito na za kukaa nazo sebuleni. Kilichowezesha wepesi huo ni sumaku za samari na kobalti, ndogo lakini kali. Kijana aliyetoka Nairobi likizo na chombo kile shingoni alikuwa na foleni ya wadogo zake nyuma, kila mmoja akisubiri zamu ya wimbo mmoja. Hapo ndipo wengi waliisikia besi yenyewe kwa mara ya kwanza. Spika inayohudumia chumba kizima lazima isukume hewa nyingi. Ile iliyo sikioni inahudumia hewa kidogo mno, kwa hiyo utando mwembamba wa plastiki unaotikisika kidogo tu unatosha.

Lakini sponji ya hedifoni zile haikuwa pambo. Ilishika umbali kati ya utando na sikio na kupunguza hewa kuvuja, na besi ilitegemea hilo. Sponji nyingi za zama hizo ni poliuretani, na aina nyingi zake huvunjwa na maji ya hewani, polepole mahali pakavu, haraka penye joto na unyevu. Ufukweni mwa Ziwa, Homa Bay, Kendu Bay au Karungu, zinageuka unga unaonata. Mkanda wa mpira ndani ya redio kaseti nao huyeyuka ukawa lami nyeusi. Mafundi wa Migori mjini bado wanaubadilisha, wakitafuta mkanda wa kipenyo kinachokaribiana. Ukilegea kidogo, mashine huyumba na mwimbaji anasikika kama analia.

Majina mengi ya vyombo hivyo yameondoka madukani. National ilikuwa ya Konosuke Matsushita. Sanyo ilianzishwa mwaka 1947 na shemeji yake, Toshio Iue. Ndugu hao wa ukwe walishindana kwa miongo, kisha Panasonic, kampuni ileile ya Matsushita, ikaimeza Sanyo. Garrard ya Swindon, Uingereza, iliuzwa kwa kampuni ya Brazili. Kuyakumbuka majina haya si ushamba. Watafiti wa kumbukumbu wanaona mara kwa mara kwamba muziki wa umri wa miaka 10 hadi 30 hushika kuliko mwingine wote, na mimi naona kifaa kilichouleta hushika pamoja nao.

Kinachonitia hofu ni nakala. Santuri zinanakiliwa haraka kuingia kwenye simu, mara nyingi kwa mashine isiyokwenda kasi sahihi, na tayari kuna watoto wanaodhani Misiani alikuwa na sauti nzito. Kuna njia ya kuhakiki. Umeme wa Kenya hubadili mwelekeo kwa hezi 50, na mvumo wake uliingia kwenye rekodi nyingi za studio bila kukusudiwa. Fungua nakala kwa programu ya bure kama Audacity, chagua sekunde ya kimya kabla ya gita la kwanza, na utazame mchoro wa masafa. Mvumo ukiwa kwenye 48, wimbo unakwenda taratibu kwa asilimia 4 na umeshuka zaidi ya nusu ya semitoni. Ukiona mistari miwili, mmoja 50 kamili na mwingine 48, ule wa 50 ni wa mashine iliyonakili. Huo wa 48 ndio wa studio ya Nairobi, nao ndio wa kurudishwa hadi 50.