Upasuaji wa Kupunguza Uzito (Sehemu ya Pili): Nani Atakuwa na Faili Lako Mwaka wa Tatu?

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza nani anastahili upasuaji wa kupunguza uzito. Tuliona kwamba masharti ya mwaka 1991, yaliyotungwa Marekani na kufuatwa karibu dunia nzima, yalilegezwa mwaka 2022. Sasa vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii vinashauri upasuaji kwa mtu mwenye BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 35 na kuendelea hata kama hana ugonjwa mwingine, na vinakubali ufikiriwe kwa mwenye BMI ya 30 hadi 35 aliye na kisukari au maradhi mengine yanayoletwa na unene. Leo tunaingia katika swali linalofuata, nalo ndilo linaloponza wengi: upasuaji huo ufanyiwe wapi? Wanaotafuta jibu aghalabu huuliza bei na jina la daktari. Hoja yangu ni kwamba hayo ni maswali ya pili na ya tatu. La kwanza ni nani atakayekuwa na faili lako mkononi mwaka wa tatu baada ya kushonwa.

Sababu imo ndani ya upasuaji wenyewe. Aina zinazofanywa zaidi leo ni mbili. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa kabisa takriban robo tatu ya mfuko wa tumbo, au zaidi kidogo, kikabaki kimrija chembamba, kilichoondolewa hakirudi. Katika ya pili, ambayo mizizi yake ni kazi ya Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1966, hutengwa kifuko cha ujazo wa mililita 30 hivi juu ya tumbo, kikaunganishwa na utumbo mwembamba ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Zote mbili siku hizi hufanywa kwa matundu madogo, kwa saa chache tu. Watu wengi hudhani mgonjwa hupungua kwa kuwa tumbo limekuwa dogo. Hiyo ni nusu ya habari. Homoni za njaa na shibe hubadilika, na ndiyo maana sukari ya mwenye kisukari huweza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata mizani haijasogea. Lakini upasuaji huohuo hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B12, na upungufu huo hauna tarehe ya mwisho. Aliyefanyiwa upasuaji huu ameondoka na unene na kurudi na hali nyingine ya kudumu, nyepesi kuliko ya kwanza kama inatunzwa, na ya hatari kama haitunzwi.

Hapa niondoe mchanganyiko mmoja. Puto la tumboni, ambalo limepata umaarufu Tanzania tangu Hospitali ya Mloganzila ianze kuliweka, si upasuaji. Huingizwa kupitia mdomoni, likakaa kwa kawaida miezi sita, aina nyingine mwaka, kisha hutolewa. Nako kunyonya mafuta chini ya ngozi ni urembo, hakutibu kisukari wala shinikizo la damu. Kituo kinachoyaweka haya yote kwenye tangazo moja, kana kwamba ni saizi tofauti za nguo moja, kimekwisha kukujibu swali ambalo hujauliza.

Kuna atakayesema kwamba yote hayo hayana uzito mbele ya mkono wa daktari: ukimpata hodari, umemaliza. Haki lazima itendeke kwa hoja hii, kwa sababu ushahidi wake ni mzito. Mwaka 2013 watafiti wa Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya madaktari bingwa 20 waliokubali kila mmoja kutoa video ya upasuaji wake, ikatazamwa na kupewa alama na madaktari wenzao bila jina kutajwa. Wagonjwa wa waliopata alama za chini kabisa walipata matatizo kwa asilimia 14.5, wa waliopata alama za juu, asilimia 5.2. Tofauti hiyo si ya bahati. Kwa hiyo muulize daktari amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi, na anafanya mara ngapi kwa mwaka. Marekani vituo vikubwa vinavyotambuliwa rasmi hutakiwa kufikisha angalau 50 kwa mwaka. Anayekasirikia swali hilo mwache. Ila tazama ustadi huo unafika wapi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba katika siku 30 za mwanzo hufa wagonjwa watatu hivi katika kila 1,000. Hatari ya mezani ni ndogo, na daktari hodari huipunguza zaidi. Yanayowapata watu mwezi wa nane au mwaka wa nne, mkono wake hauyafikii.

Programu nzuri hujulikana mapema kwa jambo linaloudhi wateja: inakuchelewesha. Kabla ya kukupangia tarehe itataka kukupima damu, ini, moyo na usingizi, kwa kuwa wengi wenye unene mkubwa hukatika pumzi wakiwa wamelala bila kujua, na daktari atakayekupa dawa ya usingizi lazima alijue hilo. Itachunguza bakteria wa vidonda vya tumbo, ambao katika nchi zetu wameenea mno, na kuwatibu kwanza. Itakuuliza juu ya kiungulia, maana jibu lako linaweza kubadilisha aina ya upasuaji: utafiti wa Finland uliofuatilia wagonjwa 240 kwa miaka kumi ulikuta umio umechubuka kwa asilimia 31 ya waliokatwa tumbo, dhidi ya asilimia 7 ya waliochepushiwa njia ya chakula. Itakutaka uache sigara. Itakuketisha na mtaalamu wa lishe na wa afya ya akili, kisha ikuweke kwenye mlo maalumu wiki mbili hivi ili ini lipungue na kumwachia daktari nafasi. Kituo kinachokupokea Jumatatu na kukupasua Jumatano kimeuza nafasi ya kitanda.

Sasa kupona kwenyewe. Siku ileile ya upasuaji au kesho yake utaamriwa kutembea, hata kwa hatua chache, kwa sababu damu ikiganda miguuni bonge linaweza kupanda mapafuni na kuua. Wengi hurudi nyumbani baada ya siku moja hadi tatu. Wiki mbili za mwanzo ni za vinywaji: supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi usio na sukari, kwa mafundo madogo siku nzima. Kisha huja vilivyopondwa, halafu vilaini, na karibu mwezi wa pili chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo. Protini hutangulia kila kitu, gramu 60 hadi 80 kwa siku, na kuzipata kwa tumbo la vijiko kadhaa ni kazi. Mayai, mtindi, samaki na maharage yaliyopondwa vinasaidia. Ugali mgumu na nyama ya kuchoma huweza kukwama na kurudi. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Mfungaji wa Ramadhani azungumze na timu yake mapema, kwani miezi ya mwanzo hatari kubwa ya nyumbani ni kukaukiwa maji, na madaktari wengi hushauri kufunga kuahirishwe.

Kati ya yote, ningependa msomaji azishike dalili za mshono kuvuja, kwa sababu hapa ndipo mfumo wetu wa afya unapoweza kumkosa. Moyo kwenda mbio hata ukiwa umelala, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, wakati mwingine maumivu ya bega la kushoto. Mpeleke mtu wa namna hiyo zahanati, na kuna uwezekano mkubwa aanze kupimwa malaria na homa ya matumbo huku saa zikipita. Vivyo hivyo anayetapika mfululizo kwa siku kadhaa: vitamini B1 huisha mwilini upesi, na akitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa vitamini hiyo, ubongo unaweza kudhurika. Aliyechepushiwa njia ya chakula asipewe diklofenaki wala dawa za jamii yake, ambazo maduka yetu ya dawa huuza kama peremende, kwa kuwa husababisha vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Muuguzi wa kituo cha afya wilayani hana kosa asipoyajua haya. Kosa ni la programu iliyomruhusu mgonjwa bila kadi inayoeleza alichofanyiwa, dawa asizopaswa kupewa, na namba ya simu inayopokelewa usiku.

Miezi ya tatu hadi ya sita nywele hupukutika, jambo linalotisha lakini kwa kawaida hurekebika. Mawe ya nyongo huweza kujitokeza kwa sababu ya kupungua haraka. Dozi za dawa za kisukari na za presha hulazimika kupunguzwa, zingine mara moja, la sivyo mtu anaanguka kwa sukari kushuka. Wanawake ambao hedhi zao zilikuwa zimevurugika hujikuta rutuba imerudi, ilhali mimba inashauriwa isubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu; na kwa aliyechepushiwa njia ya chakula vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi, bora kipandikizi, sindano au kitanzi. Pombe humlevya mtu upesi kuliko zamani, na tafiti za Marekani zimeonyesha ulevi kuongezeka kuanzia mwaka wa pili, hasa kwa waliofanyiwa aina ya pili. Ongeza ngozi iliyolegea, na majirani wanaonong'ona kuwa amekonda kwa maradhi. Mengi kati ya haya hayahitaji kisu. Yote yanahitaji mtu anayekujua.

Ndipo tunafika kwenye hoja ya kwenda ng'ambo, India au Uturuki, ambako bei inaweza kuwa nafuu na uzoefu ni mkubwa. Sikatai uzoefu huo. Ninachosema ni kwamba tiketi ya ndege hurudi baada ya wiki moja au mbili, na vitamini B12 inaweza kuchukua miaka kadhaa kuisha mwilini. Mwanzoni mwa 2023 makumi ya watu waliochomwa sindano za botoksi tumboni huko Uturuki ili wapungue waliugua sumu yake, na baadhi yao waliugulia Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya, mbali na mikono iliyowachoma. Hilo halikuwa upasuaji, lakini linaonyesha tatizo linaanza wapi na linaangukia wapi. Anayekwenda ng'ambo apate kwanza daktari wa nyumbani aliyekubali kumpokea akirudi.

Wengine watasema ufuatiliaji wa namna hii ni anasa ya Ulaya: mgonjwa wa Kigoma hawezi kwenda Dar es Salaam kila baada ya miezi mitatu. Kweli hawezi, na hapaswi. Kipimo cha wingi wa damu na sukari hufanyika hospitali ya mkoa. Vilivyobaki huhitaji sampuli kusafirishwa na mtu wa kusoma majibu. Programu inayostahili jina hilo hupanga mambo hayo kwa barua na simu kabla ya upasuaji. Wala unene si ugonjwa wa matajiri wachache: utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene.

Pingamizi la mwisho ni sindano mpya za kupunguza uzito. Semaglutide, katika jaribio lililochapishwa 2021, iliwapunguzia watu asilimia 15 hivi ya uzito kwa wiki 68, na tirzepatide inakaribia asilimia 21 kwa dozi ya juu. Ni dawa za maana, na kwa wengine zitatosha. Lakini walioacha semaglutide walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka. Upasuaji nao hausamehe: katika utafiti wa Sweden ulioanza 1987, waliochepushiwa njia ya chakula walifikia upungufu wa asilimia 32 ya uzito mwaka wa kwanza au wa pili, na mwaka wa kumi wakawa wamebakiwa na 25. Hata hivyo kundi zima lililopasuliwa liliishi miaka mitatu zaidi ya wenzao ambao hawakupasuliwa. Faida hiyo ilipimwa kwa watu waliokuwa wakiitwa kliniki tena na tena kwa miaka mingi. Matangazo yanayoinukuu huku yakikuuzia upasuaji wa siku tatu yanakuahidi matokeo ya huduma ambayo hayaitoi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, omba uonyeshwe ratiba ya miadi yako hadi mwaka wa tatu, gharama yake ikiwa imeandikwa, na uambiwe ni wagonjwa wangapi waliopasuliwa hapo miaka mitatu iliyopita bado wanahudhuria. Wakikosa jibu, tafuta pengine.