Kwa Nini Nchi Hutetemeka: Habari za Korogwe na Handeni

Wanachama wetu wengi wana jamaa Bara, upande wa Tanga, na kila panaposikika habari ya zilizala huulizwa swali lile lile: je, nchi ile ina nini, na sisi visiwani tumo hatarini? Twaona yafaa kulieleza jambo hili kwa ufupi.

Wazee walituhadithia kwamba dunia imebebwa na ng'ombe juu ya pembe yake, naye akichoka huihamishia pembe ya pili, nchi ikatikisika. Wataalamu wa miamba wamepima na kupata sababu nyingine. Gamba la nje la dunia si kipande kimoja, bali ni vipande vikubwa vinavyosogea polepole mno. Afrika yenyewe inaachana: kipande cha magharibi kinatengana na cha mashariki, ambacho ndicho kilichobeba pwani yetu. Mwendo wake ni milimita chache kwa mwaka. Hata kucha za mtu hukua upesi zaidi. Kutengana huko ndiko kulikofanya Bonde la Ufa.

Bonde hilo likifika kaskazini ya Tanzania hugawanyika mikono mitatu: Eyasi, Manyara na Pangani. Mkono wa Pangani hufuata chini ya milima ya Upare na Usambara kuelekea Korogwe. Aliyepita njia ile ameona Usambara ilivyosimama kama ukuta, hali ng'ambo ya mto, kuelekea Handeni, nchi ni ya chini. Ukuta ule haukuchongwa na mvua peke yake: miamba ilikatika, upande mmoja ukainuka na mwingine ukashuka. Bonde la mto Lwengera, karibu na mji wa Korogwe, nalo lilididimia namna hiyo kati ya Usambara ya Mashariki na ya Magharibi.

Kila mchumaji ajua kwamba tawi la mkarafuu likilemewa hupinda kidogo, kisha huvunjika ghafla. Miamba nayo huvumilia mkazo miaka mingi, kisha huteleza kwa dakika moja penye ufa wa zamani. Mtikisiko wake ndio zilizala.

Sisi wa visiwani hatukuachwa nje. Mlango wa bahari kati ya Unguja na Bara ni wa kina kidogo, haufiki mita 100. Lakini ule wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na wataalamu husema ni bonde lililodidimia kati ya nyufa. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 zilizala yenye nguvu karibu 6 ilitokea chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, nayo ilisikika mpaka Unguja. Ya Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, haikuipita hiyo kwa nguvu, lakini ilitokea karibu na watu: nyumba nyingi zilianguka na watu wasiopungua 17 wakafa.

Basi tufahamu kwamba kinachoua zaidi ni ukuta mbovu. Hakuna awezaye kutaja siku ya zilizala, lakini kila mtu aweza kutazama nyumba yake. Kuta za mawe na udongo zilizopasuka zitengenezwe kabla ya mavuno. Magunia ya karafuu yasipangwe marefu ghalani, wala watu wasilale chini yake. Nchi ikitikisika, aliye ndani ajifiche chini ya meza imara na kukinga kichwa. Aliye nje akae mbali na kuta. Aliye juu ya mkarafuu akumbatie shina mpaka kutulie, ndipo ashuke. Aliye ufukweni, akisikia mtikisiko mkubwa au akiona maji yametoka ghafla, asingoje kutazama: apande juu mara moja. Tarehe 26 Desemba 2004 zilizala ya mbali, Sumatra, ilileta mawimbi yaliyoua watu hata Dar es Salaam.

Tunawaomba wanachama wawasomee haya wachumaji wao kabla ya msimu kuanza.