Mcheza kamari mkongwe: uzoefu unalipa wapi?

Wafanyabiashara wengi huamini kwamba mtu aliyekaa miaka mingi katika jambo la kubahatisha lazima awe amelijua. Ndiyo maana mstaafu aliyeuza na kununua mali kwa miaka 30 huchukua kiinua mgongo chake na kuingia kwenye hisa bila kuuliza mengi, na kijana wa miaka 25 huambiwa asubiri kwanza akue. Imani hiyo inaweza kupimwa kwenye meza za kamari, ambako matokeo huonekana upesi na hulipwa kwa fedha taslimu. Majibu yake hutegemea sana mchezo unaochezwa.

Tuanze na ruleti. Gurudumu lenye sifuri moja lina nafasi 37, na anayeshinda kwa namba moja hulipwa mara 35 ya dau pamoja na kurudishiwa dau lenyewe. Mtu akiweka shilingi 1,000 kwenye kila nafasi atatoa shilingi 37,000 na kupokea shilingi 36,000. Ile 1,000 inayobaki, sawa na asilimia 2.7, ni ya kasino. Kwenye gurudumu la Kimarekani lenye sifuri mbili na nafasi 38, kasino huchukua asilimia 5.26. Hesabu hiyo ni ileile kwa mchezaji wa miaka 20 na wa miaka 70. Kama mkongwe ana tofauti yoyote hapo, ni kwamba amelipa kwa muda mrefu zaidi. Mashine za kamari na bahati nasibu ziko katika kundi hilohilo.

Hata hivyo, mkongwe wa ruleti mara nyingi hujiona mjuzi, na sababu yake imechunguzwa. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani, Ellen Langer, alichapisha matokeo ya jaribio la tiketi za bahati nasibu zilizouzwa dola 1 kila moja. Waliopewa tiketi bila kuchagua walikuwa tayari kuziuza kwa wastani wa dola 1.96. Waliojichagulia wenyewe walitaka dola 8.67, ingawa nafasi ya kushinda ilikuwa sawa. Katika jaribio jingine la mwaka huo, watu walitabiri matokeo ya kurusha sarafu. Waliopatia mwanzoni walijihesabu kuwa na kipaji kuliko waliopatia mwishoni, ingawa jumla ya majibu sahihi ilipangwa iwe sawa. Kwa hiyo anayeanza kwa kushinda, iwe kamari au hisa, ana hatari ya kubeba kwa miaka mingi ujuzi ambao hakuwahi kuwa nao.

Mchezo wa karata wa ishirini na moja ni habari nyingine. Karata zilizokwisha kutoka hazirudi mpaka zichanganywe upya, na kwa sababu hiyo yaliyopita yana maana. Edward Thorp, mwalimu wa hisabati aliyezaliwa mwaka 1932, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1962, Beat the Dealer, kwamba anayehesabu karata zilizotoka anaweza kuipita kasino kwa kiasi kidogo. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 30 hivi. Hakuwa mtu aliyezeekea kasino. Alipata jibu kwa hesabu na kompyuta, kisha akaenda mezani kulithibitisha. Wengi wa wakongwe waliokuwa wamekaa kwenye meza hizohizo tangu yeye yuko shule hawakuwa wameliona.

Kwenye poka, ambako mchezaji hushindana na wachezaji wenzake badala ya kasino, umri umegeuka mbele ya macho ya watu. Johnny Moss alishinda mashindano makuu ya dunia ya Las Vegas mwaka 1974 akiwa na umri wa takriban miaka 67, mwaka ambao washiriki hawakufika 20. Phil Hellmuth alishinda mwaka 1989 akiwa na miaka 24. Mwaka 2009 mshindi alikuwa Joe Cada, kijana wa miaka 21, kati ya washiriki 6,494.

Bahati ina sehemu yake katika ushindi wa shindano moja lenye watu wengi kiasi hicho. Lakini kuna sababu nyingine, nayo ni kompyuta. Katika meza ya kawaida hugawiwa karata takriban mara 30 kwa saa. Anayecheza saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, huona migao 60,000. Baada ya poka ya fedha kwenye intaneti kuanza mwaka 1998, kijana alikuja kuweza kufungua meza 4 kwa pamoja, kila moja ikigawa mara 60 kwa saa. Kwa saa zilezile huona migao 480,000. Mwaka wake mmoja ni sawa na miaka 8 ya mzee, na tena kompyuta humwekea kumbukumbu ya kila kosa alilofanya. Kuhesabu uzoefu kwa miaka, katika hali hiyo, ni sawa na kupima mchele kwa futi.

Mwili nao una lake. Kasi ya kufikiri na uwezo wa kushika mambo kadhaa kichwani kwa wakati mmoja huanza kupungua polepole mtu angali kijana, ilhali maarifa yaliyokusanywa hudumu na hata kuongezeka mpaka uzeeni. Doyle Brunson, aliyezaliwa mwaka 1933, alishinda mashindano makuu mwaka 1976 na 1977, na bado alitwaa taji jingine la poka Las Vegas mwaka 2005 akiwa na miaka 71. Alikuwa na maarifa ya kufidia kasi iliyopotea.

Stu Ungar hakufika huko. Alishinda mashindano makuu mwaka 1980, akiwa na miaka 26, kisha mwaka 1981 na tena mwaka 1997, aliposhinda dola 1,000,000. Wengi walimhesabu kuwa hodari kupita wote kwa karata. Fedha hizo alizipeleka kwenye mbio za farasi, michezo na dawa za kulevya, na alifariki Novemba 1998 akiwa na miaka 45, bila mali ya maana. Ujuzi wake haukuhama meza.

Na hao wakongwe wanaosifiwa ni wale waliobaki. Waliofilisika wakiwa na miaka 35 hawapo mezani kuhesabiwa.

Kwa mwekezaji mdogo, swali ni hisa zinafanana na mchezo upi. Thorp mwenyewe alihamia huko: mfuko aliouanzisha na mwenzake mwaka 1969 uliwapa wawekezaji zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka baada ya ada kwa karibu miaka 19. Alipima kila dau kulingana na ukubwa wa faida aliyotegemea: mwenye nafuu ya asilimia 1 katika dau la nusu kwa nusu huweka takriban asilimia 1 ya mtaji, si zaidi.

Tatizo ni kwamba soko hujibu polepole. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja. Anayenunua hisa mara mbili kwa mwaka na kuzishikilia atakuwa amefanya maamuzi 20 kwa miaka 10, pungufu ya saa moja ya karata. Kununua na kuuza kwa haraka ili kujifunza nako kuna gharama. Barber na Odean walichunguza kaya 66,465 za Marekani kati ya mwaka 1991 na 1996, na waliofanya biashara mara nyingi zaidi walipata asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilitoa asilimia 17.9.

Watafiti wengine wawili, Korniotis na Kumar, walichapisha mwaka 2011 uchunguzi uliotazama umri katika biashara ya hisa ya miaka hiyohiyo. Wazee walitawanya fedha zao vizuri zaidi na kuuza kwa nadra. Walipojaribu kuchagua hisa moja moja walishindwa zaidi ya vijana, na tofauti hiyo ilizidi sana kuanzia miaka ya 70. Mstaafu mwenye kiinua mgongo, kwa takwimu hizo, ana nafuu mahali pamoja: pale anapogawa fedha zake katika mafungu mengi na kuziacha zikae.