Uso wa Mwalimu na Moyo wa Mtoto



Mtoto akirudi kutoka masomo na kusema, "Mama, sitaki tena kusoma," usimwite mvivu upesi. Muulize kwanza: "Mwalimu wako anawatazama namna gani?"

Mtoto hajifunzi kwa masikio tu, anasoma pia uso. Mwaka 1978, Edward Tronick na wenzake wa Marekani waliandika jambo waliloliona. Mama alicheza na mtoto wake mchanga, halafu akanyamaza na kumtazama bila kucheka, kwa dakika chache tu. Mtoto akamchekea ili amrudishe. Alipoona uso haubadiliki, akageuka na huzuni. Hakupigwa, hakutukanwa.

Ku kalasi ni vilevile. Mwalimu akiingia na hasira, moyo wa mtoto unapiga mbio. Akili yake inaangalia fimbo, haiangalii tena hesabu. Anasahau hata yale aliyoyajua jana.

Mimi nafundisha wauguzi. Siku moja niliingia na uchungu wa nyumbani, nikamkaripia mwanafunzi mbele ya wenzake. Mkono wake ukatetemeka, akashindwa kupima dawa aliyoijua vizuri. Kosa lilikuwa langu. Nilimwomba radhi, na kesho yake alipima sawasawa.

Mwalimu naye ni mtu. Masomo ya msingi ya serikali yalipotangazwa kuwa ya bure, Septemba 2019, kalasi nyingi zilijaa. Mtu aliyechoka anawapitishia watoto uchovu wake.

Basi, mama, ufanye nini?

1. Usimtishe mtoto: "Nitaambia mwalimu akupige!" wala "Muganga atakutoboa shindano!" Siku ya kupima watoto tunasikia maneno haya hapa Likasi, toka kwa wamama wa Kikula na wa Panda. Mtoto anayemwogopa mwalimu mbele ya kumwona, atajifunza kwake namna gani?

2. Asubuhi usimtoe nyumbani kwa makelele. Mwage na neno jema.

3. Akiogopa, nenda kwa mwalimu na heshima, si na vita. Sema: "Mwalimu, mutoto wangu anaogopa ku kalasi. Tumusaidie namna gani?"

4. Mwalimu akifanya vema, umshukuru. Moyo wake utapata nguvu, na watoto wataiona.

Tena usisahau: mwalimu wa kwanza wa mtoto ni wewe. Leo, akikuletea kitabu chake, weka sufuria chini kidogo, umtazame.

Mungu awabariki pamoja na watoto wenu.